Turudi Wapi na Gari la Moshi?

Nimeomba ukurasa huu ili nimalizie mjadala ambao kengele ya chakula ilitukatizia Ijumaa ile. Wanachama waliokuwapo wanajua ninasema nini. Kwa wale ambao hawakuwapo, hebu nianzie mwanzo.

Mwenzetu mmoja wa Kidato cha Tatu alikuja chamani na karatasi ya kalenda ambayo mjomba wake alipewa Nairobi. Juu yake palikuwa na tangazo la safari za watalii. Picha yenyewe, jamani, ilivutia! Gari la moshi jeusi linakata mbuga, moshi mweupe umetanda juu ya twiga, na dirishani anaonekana Mzungu na mkewe wakinywa chai kwenye meza yenye kitambaa cheupe. Nyuma yao amesimama mhudumu Mwafrika aliyevaa kanzu na tarbushi nyekundu. Mbele kwenye injini kuna mwanamume aliyevua shati, anatupa makaa ya mawe tanurini kwa sepetu huku akitabasamu. Maneno ya chini yalitualika turudi kwenye enzi tamu za safari.

Basi moto ukawaka. Wa kwanza kusimama alikuwa yule kijana tunayemwita Stesheni Masta, kwa sababu akianza kusema juu ya reli hata uji hupoa. Akasema picha ile ni uongo mtupu. Injini hiyo ni ndogo, tena ni ya Ulaya. Majitu yaliyovuta mizigo kati ya Mombasa na Nairobi yalikuwa ya aina ya 59, yaliyoundwa Manchester, Uingereza, mwaka wa 1955 na 1956. Yalikuwa 34 kwa jumla, na kila moja lilipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Lilikuwa kama injini mbili zilizobeba tangi moja la mvuke katikati, uzito wake tani 252, na yote hayo juu ya reli yenye upana wa mita moja tu! Anayebisha, akasema, aende Makumbusho ya Reli pale Nairobi akaione nambari 5918, Mount Gelai, iliyopewa jina la mlima ulio karibu na Ziwa Natron, Tanzania.

Dada mmoja wa Kidato cha Nne akamkata kauli. Eti tunagombania magurudumu na kusahau damu. Reli hiyo ilijengwa kutoka Mombasa mwaka wa 1896 ikafika Kisumu mwaka wa 1901, na Wahindi zaidi ya 31,000 waliletwa kuijenga. Karibu 2,500 kati yao walikufa. Wanandi walipigana nayo miaka mingi hadi kiongozi wao, Koitalel arap Samoei, alipouawa kwa hila mwaka wa 1905. "Mnalilia chuma kilichotumaliza," akasema, na nusu ya chama ikampigia makofi.

Mwalimu naye, badala ya kuuzima moto, akautilia kuni. Alituambia juu ya filamu ya Out of Africa iliyopigwa humu nchini na kutoka mwaka wa 1985. Watu wengi ng'ambo waliipenda Kenya ya kale kwa sababu ya treni waliyoiona mle ndani. Kumbe ile injini ya mvuke haikuweza kwenda! Ilisukumwa kutoka nyuma na injini ya dizeli iliyofichwa ndani ya kitu kilichofanana na behewa la mizigo, na moshi wake ulikuwa wa matairi yaliyochomwa. Tulicheka hadi kengele ikalia.

Mimi siku hiyo sikusema neno. Niliiomba ile karatasi, na tulipofunga kwa mapumziko ya katikati ya muhula nikampelekea babu yangu. Babu ana miaka themanini na kitu. Aliajiriwa reli miaka ya sitini, wakati ilikuwa bado ya Afrika Mashariki nzima, kabla jumuiya haijavunjika mwaka wa 1977. Alikaa katika nyumba za reli za Muthurwa, Nairobi, na kazi yake ilikuwa kuchochea moto wa injini.

Alivaa miwani, akaitazama karatasi kwa muda mrefu, kisha akaniuliza, "Makaa gani haya, nyakwara?"

Nikamwambia ni ya mawe.

"Sisi tulichoma mafuta. Mafuta mazito, meusi. Kazi yangu ilikuwa kufungua vali na kuifunga, na kuuangalia moshi. Ukiwa mweusi mno, dereva ananikata jicho kwa sababu ninamwaga mafuta bure. Na huyu anamchekea nani? Joto lile, ukicheka meno yanakauka."

Kisha akanionyesha kovu lililo mkononi mwake karibu na kiwiko. Nimeliona tangu utotoni na sikuwahi kuuliza. Kumbe alisinzia usiku, mkono ukagusa bomba la mvuke.

Sasa nitoe maoni yangu, na yeyote atakayekasirika anijibu katika toleo lijalo. Neno linalonikera katika tangazo lile ni hilo la kurudi. Mtu hurudi mahali alipowahi kufika. Turudi wapi? Hapa Uriri reli haijafika hata siku moja. Linalotupita barabarani ni trekta la miwa likielekea Awendo. Babu akitaka kwenda kazini alishuka kwanza hadi Homa Bay, akapanda meli ya shirika lilo hilo la reli hadi Kisumu, ndipo akalala njiani usiku kucha hadi Nairobi. Behewa lenye kitambaa cheupe alikuwa akilipita nje stesheni. Katika enzi hizo tamu, daraja la kwanza lilikuwa la Wazungu, la pili la Wahindi, na la tatu la watu wetu. Hata baada ya Uhuru, bibi yangu alisafiri daraja la tatu, mtoto mgongoni, jogoo kikapuni na obambla katika gunia, na anasema abiria wenzake hawakulalamikia harufu kwa sababu nao walibeba yao.

Lakini simuungi mkono dada yetu anayetaka tulisahau gari lote. Laiti angemwona babu! Alipotaja injini zake macho yaling'aa. Alizijua moja moja kama mchungaji anavyowajua fahali wake, ipi ni mvivu mlimani na ipi hunywa maji kupita kiasi. Aliniigizia sauti yake ikipanda mlima, akakohoa, akacheka, akaanza tena. Je, huyo naye ni kibaraka wa mkoloni? Ile ilikuwa kazi yake, na aliifanya vizuri.

Wewe nawe Stesheni Masta, rafiki yangu, umesema kweli kuhusu injini, lakini umeishia njiani. Unajua uzito wake kwa tani, ila sikukusikia ukimtaja aliyekuwa ndani. Mchoraji yule alikosea injini na akamkosea mtu kwa sababu moja: hakumwuliza yeyote aliyekuwapo. Angeuliza, asingempa babu yangu sepetu na lile tabasamu.

Wengine watasema, "Wacha wivu, bwana, hilo ni tangazo tu, linaleta watalii na pesa." Sawa, na walete. Mimi mwenyewe nikipata nauli nitapanda, tena nitakaa dirishani. Ila mkitaka kujua watu wetu wanatamani nini katika treni, kumbukeni Desemba 2021, treni ya abiria ya Nairobi hadi Kisumu ilipoanza tena baada ya kukosekana kwa miaka mingi. Ilikuwa ya dizeli, haikuwa na moshi wa kupigwa picha, lakini Krismasi ilikuwa imekaribia na watu walikuwa wakirudi nyumbani kweli.

Wazee waliozijua injini za mvuke zikiwa kazini wanazidi kupungua, maana hapa kwetu zilikuwa zimeachwa kufikia 1980 hivi. Ninajua babu si wa pekee. Katika chama chetu wapo wengine ambao babu zao walikuwa makuli, mafundi, wapishi au wafagiaji wa reli, na hatujawahi kuwauliza. Mimi nimeshajaza kurasa kumi na moja za daftari. Stesheni Masta amekubali kuandamana nami likizo ya Agosti na orodha yake ya maswali ya vali na magurudumu, na dada wa Kidato cha Nne amesema atakuja na yake, ambayo ameniambia ni makali. Babu amesema waje wote, ila mtu amletee miwani mipya.