Mlowo si Kijiji, Wala si Mji: Kura ya Kitongoji Tusiidharau



Juzi nilikuwa kijiweni na madereva wa bodaboda, pale njia ya Kamsamba inapoachana na barabara kuu ya Tunduma. Nikawauliza swali moja tu: nani hapa anamjua mwenyekiti wake wa kitongoji? Tulikuwa kumi na moja. Walionyoosha mkono ni wawili, na mmoja wao anamjua kwa sababu ndiye mwenye nyumba wake. Tulicheka sana. Lakini nikaona hili tusiliache hivihivi, maana tarehe 27 Novemba 2024 ndiyo ilikuwa siku ya kupiga kura ya kumchagua huyohuyo tusiyemjua.

Kwanza tuelewane tunaishi wapi. Ukitoka Mbeya kwenda mpakani, unapita Mlowo, halafu Vwawa, ndipo unafika Tunduma. Mkoa wetu wa Songwe ulizaliwa mwaka 2016 ulipomegwa kutoka Mbeya, na makao makuu yakawekwa Vwawa. Kahawa na mahindi ya Mbozi yanapita hapa. Mpunga na ufuta wa bonde la Rukwa unapanda kwa njia ya Kamsamba unakuja hapa. Malori ya Zambia na Kongo yanapita hapa usiku na mchana. Kwa macho, Mlowo ni mji: maduka, gesti, maghala, mashine za kukoboa, watu wengi.

Kwa sheria je? Hapo ndipo wengi wetu tunapotea. Sisi tuko kwenye mji mdogo. Mji mdogo si kijiji na si halmashauri ya mji. Unasimamiwa na Sheria Na. 7 ya mwaka 1982, ileile ya halmashauri za wilaya.

Sasa angalia tofauti. Kijiji kina serikali yake: halmashauri ya kijiji yenye wajumbe 15 hadi 25, na mkutano mkuu wa wananchi wote wenye miaka 18 na kuendelea, kila baada ya miezi mitatu. Kijiji kinatunga sheria ndogo, kinamiliki mali, kinaweza kushtaki na kushtakiwa. Ardhi yake inasimamiwa na halmashauri ya kijiji, na wanaoiidhinisha ni wanakijiji wenyewe kwenye mkutano mkuu. Kijiji kikishafutwa na kuingizwa kwenye mji mdogo, vyote hivyo vinaondoka. Vinabaki vitongoji.

Wenzetu wa Tunduma nao walianza na mji mdogo. Leo ni Halmashauri ya Mji: wana baraza lao la madiwani, mkurugenzi wao na bajeti yao, na kule chini wana mitaa. Sisi tumebaki katikati. Tumeshaacha mamlaka ya kijiji, na ya mji hatujayapata. Afisa mtendaji wa mji mdogo ni mwajiriwa, anawajibika kwa mkurugenzi wa wilaya. Bajeti inapitishwa na baraza la wilaya. Ndiyo maana mtaro ukiziba, unaweza kuzungushwa ofisi tatu na kila mmoja anakuonyesha mlango wa mwenzake, na kisheria wote wakawa hawajadanganya.

Mtu atasema: kama ni hivyo, mwenyekiti wa kitongoji ana faida gani? Hapa ndipo pa kuelewa. Kijijini, mwenyekiti wa kitongoji ni mmoja tu ndani ya serikali ya kijiji. Kwenye mji mdogo, wenyeviti wa vitongoji ndio wajumbe wa baraza la mji mdogo. Wao ndio wanakaa na kujadili soko, dampo, stendi na viwanja. Kwa hiyo unapompigia kura mwenyekiti wa kitongoji hapa, unachagua pia mjumbe wa baraza la mji. Ukikaa nyumbani, umeacha vitu viwili kwa mkupuo.

Na huyu mtu unamhitaji kuliko unavyodhani. Barua ya utambulisho ya NIDA inaanzia kwake. Umemdhamini ndugu yako polisi, unaulizwa barua ya mwenyekiti. Unanunua kiwanja, shahidi ni yeye. Kikundi chenu cha vijana kinataka mkopo wa ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, ambayo vijana tumetengewa 4, lazima kuna mtu wa kusema hawa nawafahamu, wanaishi hapa. Mwenyekiti akiwa mtu wa kuangalia rangi ya kadi yako kabla ya kugonga muhuri, utajua umuhimu wa kura yake siku hiyo.

Najua mnachotaka kuniambia: 2019. Ni kweli. Wagombea wengi wa upinzani walienguliwa, vyama vikajitoa, na chama tawala kikatangazwa kushinda zaidi ya asilimia 99. Simlaumu kijana aliyekata tamaa. Lakini tuseme na upande wetu. Kuna sehemu hatukuwa na mgombea kabisa. Kuna sehemu mgombea alitafutwa wiki ya mwisho na fomu ikajazwa juu ya tanki la pikipiki. Sisi tunajua majina ya wabunge wa mikoa ambayo hatujawahi kufika, halafu mipaka ya kitongoji chetu hatuijui. Uonevu unapigwa vita, na uzembe nao upigwe vita.

Kazi ziko tatu. Ya kwanza, uandikishaji: mwaka 2024 ulikuwa tarehe 11 hadi 20 Oktoba, na hili ni daftari la wakazi kwa ajili ya uchaguzi huu. Kadi yako ya kupigia kura ya ubunge na urais haikuingizi humo. Nenda kitongojini kwako ukaandikwe. Ya pili, kama una miaka 21, unajua kusoma na kuandika, una kipato halali na unaishi hapo, chukua fomu kupitia chama. Jaza mezani, taratibu, mbele ya mtu wa pili wa kuikagua. Jina liandike lilelile kila mahali. Ya tatu, tukishapata wenyeviti, tuwabane. Waitishe mikutano, wasome mapato na matumizi, na barazani wadai kujua ushuru unaokusanywa Mlowo unarudi Mlowo kiasi gani.

Katiba, ibara ya 146, inasema serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Kwa sisi wa mji mdogo, mlango wa hayo madaraka ni kitongoji. Mwingine hatuna kwa sasa.

Wale tisa wa kijiweni nimeshawaambia: siku ya kwanza ya uandikishaji asubuhi tunaondoka pamoja kabla ya abiria wa kwanza. Na wewe beba wa kwako.