Aliyenawa Ndiye Aliyekula

Makamanda, leo tuiweke katiba pembeni kidogo, tuongee mpira.

Wiki iliyopita nilikuwa ufukweni hapa Bagamoyo, maji yamekupwa, vijana wanacheza ndondo, zawadi mbuzi. Moja kwa moja, dakika za lala salama. Mdogo wangu kapiga kichwa, kipa kashapitwa, mpira unaingia. Beki aliyekuwa mstarini akaunawa kwa mikono miwili, waziwazi. Refa hakukosea kitu: kadi nyekundu, penalti. Kipa akaipangua. Wakaenda kwenye matuta, timu ya aliyenawa ikashinda. Jioni mbuzi kachinjwa, na yule beki alikuwa wa kwanza kukaa kwenye sinia.

"Hii ni Ghana kabisa," akasema mzee mmoja pembeni yangu.

Kweli. Tarehe 2 Julai 2010, Johannesburg, robo fainali ya Kombe la Dunia, Ghana na Uruguay 1-1, mwisho kabisa wa muda wa nyongeza. Dominic Adiyiah akapiga kichwa, Luis Suárez akaunawa mpira mstarini. Akala nyekundu. Asamoah Gyan akagonga mtambaa panya, Uruguay wakapita kwa matuta 4-2. Afrika ikasubiri hadi Morocco, 2022, ndipo ikaingia nusu fainali.

Wengi wanamwita Suárez mwizi. Mimi simlaumu sana. Alipiga hesabu ambayo sheria yenyewe imemwekea: bao la uhakika kalibadilisha na penalti inayoweza kukoswa. Tatizo liko kwenye sheria.

Darasani tunafundishwa kanuni ya siku nyingi: mtu asifaidike na kosa lake mwenyewe. Sheria namba 12 ya soka inamwadhibu mkosaji, lakini haimrudishii aliyekosewa kilicho chake. Umeibiwa mbuzi, hakimu anamfunga mwizi, halafu anakwambia urushe shilingi, ukipatia ndiyo umchukue mbuzi wako. Hiyo ni haki?

Michezo mingine imeshaliona hili. Kwenye raga, faulo ikizuia trai ya wazi, refa anatoa trai ya adhabu. Kwenye kikapu, beki akiugusa mpira unaoshuka kuingia, pointi zinahesabiwa. Soka nayo inapima nia: tangu msimu wa 2024/25, ukizuia bao kwa kunawa bila kukusudia na penalti ikatolewa, unapewa njano, ukikusudia, nyekundu. Kama nia inapimika, faida inashindikana vipi?

Mtasema refa ataanza kubuni mabao. Hapana. Iwe pale tu ambapo mpira ulikuwa unavuka mstari na mkono peke yake ndio uliozuia. Penye shaka, ibaki penalti.

Waandaaji wa ndondo hawana haja ya kuwasubiri wakubwa wa soka duniani. Kanuni hii waiandike msimu ujao.

Maana tukirudi nyumbani jioni ile, mdogo wangu aliniuliza: "Dada, siku nyingine na mimi ninawe tu?"

Nasomea sheria, na sikuwa na la kumjibu.