Laptopu Iliyokwama na Amana Zilizomo Ndani Yake



Kipakatalishi, au laptopu kama tuiitavyo majumbani, siku hizi kimekuwa kasha la jamaa nzima. Humo mna utafiti wa binti aliye chuoni, hesabu za mama auzaye mabuibui kwa oda, picha za harusi, nakala za vyeti, na pengine sauti ya bibi akisimulia nasaba ya ukoo, ilhali mwenyewe amekwisha kututangulia. Usiku mmoja chombo huomba kisasishwe, mwenyewe akakubali, na asubuhi hakifunguki: ni kioo cha buluu, au viduara vinavyozunguka bila kikomo. Hofu huingia. Na hofu hiyo ndiyo humfikisha mtu kwa fundi wa karibu, ambaye aghalabu neno lake la kwanza ni, "Hii tuifomati tu, mama."

Usikubali upesi. Kusasisha ni kuandika upya mfumo wa uendeshaji, yaani ile programu kuu inayokiamsha chombo na kukiongoza. Picha zako na maandishi yako yamo katika diski hiyo hiyo, lakini katika makabati yake mbali. Sasisho likiharibika, aghalabu mlango ndio uliokwama. Vyombo vya nyumbani vimo ndani vilevile. Kufomati ni kuibomoa nyumba kwa sababu ya kitasa. Sisemi kuwa masasisho hayajapata kufuta kitu: Oktoba 2018 Microsoft yenyewe ililisimamisha sasisho la Windows 10 baada ya baadhi ya watu kupoteza faili zao. Hayo lakini yalikuwa nadra, na si hali ya laptopu nyingi zinazokwama.

Mambo haya yamezidi kwa sababu. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida yake, na watu wakahimizwa wahamie Windows 11. Laptopu nyingi tulizonazo zilinunuliwa zikiwa zimekwisha kutumika ng'ambo, na Windows 11 haizikubali rasmi zile zenye prosesa za Intel za kabla ya kizazi cha 8. Wako mafundi wanaoilazimisha kwa hila. Chombo huenda kikafanya kazi, lakini mtengenezaji hakuhakikishii masasisho ya mbeleni, na wewe huwa umekinunua kitu hicho na shaka yake. Ongeza hapo stima inayopotea katikati ya kazi, betri iliyochoka isiyoweza kushika hata dakika kumi, na diski iliyojaa video pomoni.

Basi kabla ya kuhukumu kwamba laptopu imeharibika, ipe muda. Iunganishe na chaja, uchomoe flashi, kadi ya kumbukumbu na printa, kisha uiache saa mbili au tatu. Asilimia inaweza kusimama pale pale kwa muda mrefu na kazi ikawa inaendelea kwa ndani. Mara nyingine Windows hugundua yenyewe kwamba sasisho halikufaulu, ikalirudisha nyuma bila kuguswa na mtu.

Ikiwa saa zimepita na hali ni ile ile, kuna mlango wa uani. Iwashe, nembo ikitokea, kibonyeze kitufe cha kuwashia bila kukiachilia kwa sekunde kama kumi mpaka izime. Rudia mara ya pili. Mara ya tatu iache iendelee, na kwa kawaida itakuletea ukurasa wa buluu wa matengenezo. Hapo chagua "Troubleshoot", kisha "Advanced options". Mengi ya uponyaji yamo katika ukurasa huo, na hakuna malipo.

Wengi hukimbilia kwanza kuliondoa sasisho, na mara nyingi laptopu hupona kwa hilo. Mimi napendelea amana zitolewe kwanza, maana hakuna matengenezo yasiyo na hatari. Njia yake ni hii, na haihitaji fundi. Chomeka flashi au diski ya nje yenye nafasi ya kutosha. Katika ukurasa ule chagua "Command Prompt". Huenda ukaulizwa nenosiri lako. Kioo cheusi kikifunguka, andika neno notepad, ubonyeze Enter. Utafunguka ukurasa mweupe wa kuandikia. Huo usiuandike, nenda "File", kisha "Open", na pale chini palipoandikwa aina ya faili uchague "All Files". Sasa umepata dirisha la kutazamia diski nzima. Tafuta kabrasha liitwalo Users, na ndani yake jina lako. Usishtuke usipolikuta katika diski C. Katika hali hii herufi hubadilika, na huenda likawa D au E. Bonyeza kwa upande wa kulia wa kipanya juu ya kabrasha la picha au la maandishi, chagua "Copy", uende kwenye flashi, na uchague "Paste". Dirisha litaonekana kama limeganda na halitakuonyesha kazi imefika wapi. Liache. Picha za harusi moja peke yake zinaweza kuchukua saa nzima.

Laptopu mpya mara nyingi huwa na kufuli la ziada liitwalo BitLocker, nayo itataka ufunguo wa tarakimu 48 kabla ya kukuonyesha chochote. Kwa kawaida ufunguo huo umehifadhiwa katika akaunti ya Microsoft iliyotumiwa laptopu ilipoanzishwa, na unaweza kuutazama kwa simu. Akaunti ikiwa ni ya mjomba aliyekuletea laptopu kutoka Dubai, mpigie yeye. Pasipo ufunguo, hata fundi hodari hawezi kuzisoma faili hizo. Anayekuahidi kinyume chake anataka pesa zako.

Amana zikishatoka, rudi kwenye "Advanced options" uchague "Uninstall Updates". Utaulizwa kama waondoa sasisho dogo la karibuni au lile kubwa. Anza na dogo. Kubwa kwa kawaida huweza kurudishwa katika siku 10 za mwanzo tu, kwa hivyo usiliahirishe jambo hili hadi mwisho wa mwezi. Ikishindikana yote, kuna "Reset this PC", nayo ina njia mbili: "Keep my files" huziacha faili zako na kuziondoa programu ulizoziweka, na "Remove everything" hufuta kila kitu. Soma mara mbili kabla ya kubonyeza.

Kwa fundi pia huenda ukalazimika kwenda, na hapa kuna jambo ambalo wake kwa waume hulisahau. Ndani ya laptopu hiyo mna picha za dada zetu wakiwa majumbani mwao, za ukumbi wa wanawake usiku wa hina, za bi harusi kabla ya kujitanda. Wenyewe hawakukupa ruhusa ya kuzipeleka dukani. Ni sitara ya watu iliyo mkononi mwako. Ukiweza, ziondoe kwanza kwa njia niliyoieleza, kisha uzifute katika laptopu. Usipoweza, nenda na mahram au na jamaa anayefahamu mambo haya, mketi mpaka kazi iishe, na nenosiri mliandike nyinyi wenyewe badala ya kuliacha limebandikwa juu ya mfuniko. Fundi mwaminifu hachukii kutazamwa. Mwambie aandike katika risiti kwamba faili zisifutwe bila idhini yako. Na akisema diski yafaa ifomatiwe, aitoe kwanza na kuiunganisha na kompyuta nyingine mbele yako, mnakili mnachohitaji. Katika baadhi ya laptopu nyembamba diski imeunganishwa moja kwa moja na bodi na haitoki, basi mwulize kabla hajashika bisibisi.

Laptopu ikishaamka, sasisho lile lile litajaribu kurudi, pengine usiku huo huo. Fungua mipangilio ya Windows Update ulisimamishe. Inaruhusu hadi wiki tano, na aghalabu muda huo humtosha mtengenezaji kurekebisha kasoro yake. Litakaporudi, liwe la mchana, chaja ikiwa ukutani na flashi yenye nakala ikiwa kabatini.