Mama wa baiskeli hakuifukuza mvua

JICHO LA RUVUBU
Na Mwana-Ruvubu

Jumanne wiki hii, kwenye geti la mazao ya misitu katika barabara itokayo Nyakahura kwenda Lusahunga, wilayani Biharamulo, nilimwona mama akinyang'anywa magunia mawili ya mkaa. Alikuwa anasukuma baiskeli, mtoto mgongoni, kandambili moja imeungwa kwa mpira wa tairi. Askari akamuuliza kibali. "Sina, afande." Magunia yakashushwa, baiskeli ikaegeshwa ukutani pamoja na nyingine za siku hiyo.

Kilichonipandisha hasira zaidi kilitoka ndani ya Noah, gari la abiria tulilopanda. Abiria wa kiti cha mbele, aliyevaa fulana ya kongamano la mazingira, alitikisa kichwa na kusema kwa sauti ya kusikika na wote: "Hawa ndio wanaotufukuzia mvua. Umaskini wao utatumaliza." Wawili watatu wakaitikia. Wakati huohuo lori lililojaa mkaa hadi juu ya bodi lilisimama, dereva akaonyesha karatasi zake, kamba ikateremshwa, likapita. Hapo hakuna aliyetikisa kichwa.

Nasema mapema, asiyependa aishie hapa: mama yule hakuifukuza mvua. Mvua ndiyo iliyomfukuza yeye shambani.

Nilishuka. Dereva alinung'unika, nikamwambia atangulie. Nilimsalimia mama yule, nikamuuliza imekuwaje akaingia kwenye mkaa. Akanitazama kama anayepima kama nastahili jibu. "Kaka, ningekuwa na ndizi ungenikuta hapa?"

Migomba aliyoachiwa na mama mkwe ilishikwa na ugonjwa wa mnyauko. Waliing'oa na kuifukia kama bwana shamba alivyoagiza, wakapanda maharage palepale. Maharage yalichanua vizuri, kisha mvua ikakata maua yakiwa ndiyo kwanza yanafunga. Yakapukutika. Walichovuna hakikujaza debe. Mume kaenda machimboni kutafuta dhahabu na hajatuma kitu. Tena mkaa wenyewe si wake: ameukopa kwa mchomaji ili alipe akishauza. Sasa mkaa hana na deni analo. Nilipomuuliza atalilipaje, alielekeza macho porini.

Kwa hiyo geti lile, siku ile, halikuokoa mti hata mmoja. Miti ya magunia yale ilikwishakatwa, na mwingine utakatwa kulipia deni. Kwa matanuri yetu ya udongo, ambako kilo kumi za kuni mara nyingi hazitoi hata kilo mbili za mkaa, deni dogo hula mti mkubwa.

Wasiotoka huku huenda wasielewe kwa nini nimeanza na mgomba. Mnyauko uliingia Kagera katikati ya miaka ya 2000, na pale ulipopita haukuchukua chakula peke yake. Shamba la migomba huwa na kivuli na majani yanayofunika ardhi, kwa hiyo udongo hubaki na unyevu hata jua likizidi. Migomba ikiondoka, udongo unabaki uchi, na familia inahamia kwenye maharage na mahindi, mazao yanayohitaji mvua inyeshe wiki yake. Na mvua siku hizi haina wiki yake. Wazee wa Rulenge, wilayani Ngara, waliokuwa wakipanda kwa kutazama mawingu ya Septemba sasa wanapanda mara mbili, na mbegu ya mara ya pili ni ya kukopa.

Zamani, shamba likigoma, pori lilikuwa ghala la pili. Marehemu baba yangu alitundika mizinga kwenye miombo, na mwaka wa njaa asali ndiyo iliyotununulia chumvi na daftari. Mvua za kwanza zikinyesha, kina mama walikwenda kuokota uyoga, na uyoga ule huota pale miombo ilipo kwa sababu umefungamana na mizizi yake. Ukikata miombo umekata uyoga, maua, nyuki, na dawa ambazo bibi zetu walizijua kwa majina. Nasisitiza kwamba kupanda miti na kurudisha msitu ni mambo mawili tofauti. Mtaalamu anayeandika "bioanuwai" kwenye ripoti yake ajue kwamba mwanamke wa Nyakahura aliila, aliiuza na alijitibu nayo, na ilipotoweka yeye ndiye aliyefilisika wa kwanza.

Na wanaomtafuta aliyekula misitu ya Ngara waanzie Aprili 1994. Mwisho wa mwezi ule watu zaidi ya 200,000 walivuka daraja la Rusumo wakikimbia kutoka Rwanda, wakafikia Benaco, mahali palipopewa jina la kampuni ya Kitaliano iliyojenga barabara. Dunia iliwaletea mahindi na maharage makavu, chakula cha kuchemka saa nyingi, bila kuni za kukipikia. Wangefanyaje? Hadi mwisho wa 1996 kilomita za mraba 570 za misitu ya Kagera zilikuwa zimeathirika, na 167 kati ya hizo zilikuwa zimefyekwa vibaya. Siwalaumu wakimbizi. Nawalaumu waliokuwa na ndege za kuleta chakula na hawakufikiria moto.

Tangu 2019 tuna Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, iliyotokana na mapori ya akiba ya Burigi, Biharamulo na Kimisi, zaidi ya kilomita za mraba 4,700. Naipenda hifadhi hiyo. Nataka wajukuu wangu wawaone palahala na nyamera wakiwa hai. Lakini ndani ya hifadhi ya taifa huruhusiwi kurina asali, kuokota uyoga wala kukata kuni, kwa hiyo mzigo wote wa mahitaji umeangukia vipande vya pori vilivyobaki nje, vile ambavyo mama wa baiskeli na mwenye lori wanavigombania. Mwenye lori ana karatasi. Kuzipata karatasi hizo kunataka nauli ya mjini, ada, na siku za kusubiri ofisini. Sheria ya namna hii inapima mtaji wa mtu, hailindi mti.

Serikali inasema jibu ni gesi. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Nauunga mkono. Ila mkaa huuzwa kwa kopo, la leo kwa pesa ya leo, na gesi hailipiwi kwa kopo. Nimekuta mitungi iliyogawiwa kwa shangwe ikitumika kama kiti cha watoto.

Kuna wenzetu walioamua vingine. Kilosa, mkoani Morogoro, tangu 2012 vijiji vimepima misitu yao, vimetenga eneo la kuchoma mkaa kwa zamu ili visiki vichipue, na ushuru wa mkaa umeingia kwenye mfuko wa kijiji ukajenga madarasa. Hawakuhitaji sheria mpya. Sheria ya Misitu ya 2002 inakiruhusu kijiji kumiliki na kusimamia msitu wake na kula matunda yake. Inaruhusu Kilosa, inaruhusu Nyakahura, inaruhusu Rulenge. Huku kwetu hatuwezi kwa sababu wenye uwezo wa kuanzisha hawajalala njaa, na ushuru wa lori unafika wilayani bila kupita kijijini.

Na tukirudi kwenye mvua: Afrika nzima haifikishi asilimia 4 ya hewa ukaa inayotoka duniani, kisha abiria mwenye fulana ya kongamano anamwambia mwanamke mwenye jembe moja kwamba ukame ni wake.

Mabaraza ya madiwani ya Ngara na Biharamulo yatakapokaa, nitakuwa kwenye viti vya wageni na daftari langu. Diwani atakayesimama kuuliza kwa nini kijiji chake hakina mpango wa kusimamia msitu wake, nitaliandika jina lake hapa. Atakayenyamaza, nitaliandika pia.