Kifuko cha Moyo na Majina Yake

Mbuzi achinjwapo na kifua chake kupasuliwa, moyo hauonekani mara moja. U ndani ya kifuko cheupe chenye kuteleza, nacho hakina budi kukatwa kwanza. Moyo wa mwanadamu umevikwa vivyo hivyo.

Matabibu hukiita kifuko hicho perikardiamu. Jina latoka katika Kiyunani: peri ni kuzunguka, na kardia ni moyo. Sisi twapenda kusema kifuko cha moyo, kwa kuwa neno utando humfanya mtu afikiri ngozi moja tu, na hapa zipo mbili. Ya nje ni ngumu, isiyopanuka upesi. Ya ndani ni laini, tena imejikunja, hata upande wake mmoja umeshikamana na moyo wenyewe. Katikati ya mkunjo huo yamo maji machache, yapata vijiko vya chai 3 hata 10, ili moyo upige bila kukwaruzwa.

Kwa nini tuwasumbue wenye nyumba kwa majina? Kwa sababu mgonjwa aambiwapo hospitalini kwamba maji yamezidi, hurudi akisema, "Moyo wangu umejaa maji," na jamaa huanza kumlilia angali hai. Moyo haukujaa maji. Maji yako nje yake, ndani ya kifuko, nao moyo wabanwa usiweze kupanuka na kupokea damu. Ndiyo maana tabibu aweza kuingiza sindano ndefu kifuani, akayavuta bila kuuchoma moyo. Maji yakiongezeka polepole, kifuko huvutika hata kuchukua lita moja. Yakija kwa ghafula, robo ya lita yatosha kuua, maana ile ngozi ya nje haikupata nafasi ya kulegea.

Wala kifuko hiki si kitu kisichogusika. Mwaka 1893, mjini Chicago, Marekani, tabibu mweusi Daniel Hale Williams alimpasua kifua mtu aliyechomwa kisu, akakishona kifuko kilichotoboka. Picha za eksirei zilikuwa hazijavumbuliwa. Mtu yule akapona, akaishi miaka mingi.

Jina la ugonjwa likiishia kwa -itisi, lataja uvimbe wenye kuwaka. Basi perikardaitisi ni uvimbe wa kifuko chetu. Hapa Afrika chanzo chake kikubwa ni kifua kikuu, ambacho dawa zake humezwa miezi 6, wala haifai kuziacha kwa kuwa pumzi imerudi. Wengine kifuko chao hukauka kikawa kigumu kama ngozi ya ngoma. Hapo sindano haisaidii, huhitajika kukikata.

Walimu wataufahamuje? Maumivu makali ya kifua huzidi mtu alalapo chali, hupungua ainamapo mbele. Maji yakizidi, pumzi huwa fupi, mishipa ya shingo hutuna, na yakikaa siku nyingi miguu huvimba. Lugha yetu imeupa moyo kazi nyingi mno, hata mtoto asemaye, "Moyo wanibana," huulizwa ni nani aliyemwudhi. Na aulizwe kwanza jinsi alalavyo. Akijibu kwamba usiku hukaa kitako, ameinama, apate kuvuta pumzi, apelekwe hospitali siku ile ile.