Vijana Wetu na Akiba ya Damu

Haupiti mwezi ila ukurasa huu hupata barua ya mzee fulani awashitakiaye vijana wa mtaani kwake. Hawafagii msikiti, wakiitwa kuzibua mitaro husema wana shughuli, na ukipita wakati wa alasiri utawakuta barazani, kila mmoja ameiinamia simu yake. Barua hizo twazisoma kwa heshima, na baadhi yake ni za kweli. Walakini mimi mwenyewe nimeshuhudia jambo lililonifanya nisiharakishe tena kuwalaumu, na khabari yake ni hii.

Mke wa jirani yetu alijifungua usiku. Mtoto alitoka salama, lakini mama akatokwa na damu isiyokatika. Mume akaambiwa hospitalini kwamba damu ya kundi la mkewe imekwisha, basi na alete watu wa kuchangia. Ilikuwa yapata saa saba za usiku. Akampigia simu nduguye, nduguye akapita barazani, na saa moja haikutimia ila vijana kumi na mmoja walikuwa wamesimama katika ukumbi wa hospitali. Ni hao hao tuwaitao wavivu, wengine wakiwa na vikoi vyao vya kulalia na kandambili miguuni. Wawili walirudishwa kwa upungufu wa uzito, na mmoja kwa kuwa alikuwa katikati ya dawa za malaria. Wanane wakatoa.

Mama yule aliokoka, alhamdulillahi. Lakini hakuokoka kwa damu ya wale wanane. Damu yao ilikuwa bado haijapimwa. Zilipatikana chupa mbili katika hospitali nyingine, zikaletwa kwa gari alfajiri haijaingia, na hizo ndizo alizotiwa. Basi aliyemwokoa ni mtu tusiyemjua jina wala dini, aliyenyosha mkono wake majuma kadha kabla, siku ambayo hapakuwa na mgonjwa yeyote mbele yake wala jirani wa kumlilia.

Nililifikiri jambo hili kwa siku nyingi. Vijana wetu hawakukosa moyo usiku ule, wala hawakukosa mbio. Kilichokosekana ni mpango wa kuwaita kabla ya msiba, na huo si wajibu wa kijana mmoja mmoja. Ni wajibu wetu sisi wenye nyumba na mitaa.

Yafaa tujue jinsi kazi hii iendavyo, maana khofu nyingi hutokana na kutojua. Mtu mzima ana kiasi cha lita 5 za damu mwilini. Mwenye kutoa huchukuliwa mililita 450, ambazo ni pungufu ya sehemu moja ya kumi. Maji yaliyotoka hurudi kwa siku moja au mbili mtu akinywa vizuri, na chembe nyekundu hutengenezwa upya na uboho wa mifupa kwa muda wa majuma kadha. Ndiyo sababu Tanzania imeweka kwamba mwanamume aweza kutoa kila baada ya miezi 3 na mwanamke kila baada ya miezi 4, naye awe na umri wa miaka 18 hadi 65 na uzito usiopungua kilo 50. Kabla ya kutolewa hupimwa kwanza yeye mwenyewe, ionekane kama damu yake yatosha. Asiyetosha huambiwa arudi nyumbani akale.

Damu ikishatoka hupimwa kundi lake. Elimu hiyo tunayo tangu Karl Landsteiner, daktari wa mji wa Vienna, alipoyatambua makundi ya damu mwaka 1901, akapewa kwa ajili hiyo tuzo ya Nobel mwaka 1930. Kabla yake kumtia mtu damu ya mwenziwe kulikuwa ni kubahatisha, na wengi walikufa kwa hilo. Kisha hupimwa virusi vya ukimwi, homa ya ini ya namna ya B na ya C, na kaswende. Vipimo hivi vyataka muda, na kutokwa na damu kwa mzazi hakungoji. Baada ya hapo chupa huwekwa katika jokofu. Kwa kawaida hudumu siku 35 tu, au 42 kwa dawa ya namna nyingine, kisha haifai tena kutiwa mtu.

Naomba msomaji aishike hesabu hiyo ya siku 35, kwani mambo mengi yamo ndani yake. Mnamo tarehe 7 Agosti, 1998, balozi za Marekani mjini Nairobi na Dar es Salaam zilipolipuliwa, waliouawa Nairobi walizidi 200 na waliojeruhiwa walikuwa maelfu. Watu walijitokeza kwa wingi kutoa damu. Na mwaka 2013, lile jumba la maduka la Westgate liliposhambuliwa, safu za wenye kujitolea zilikuwa ndefu vile vile. Hii ni sifa njema, wala hapana wa kuibeza. Lakini mtu na ahesabu: damu iliyotolewa na watu elfu katika siku tatu huzeeka yote pamoja baada ya mwezi na siku kidogo, na watoaji wenyewe hawawezi kurudi kabla ya miezi mitatu. Huwa kama mvua ya siku moja katika shamba ambalo halina birika.

Na haja ya damu haina msimu. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba katika nchi maskini hadi asilimia 54 ya damu hutiwa watoto wasiotimia miaka mitano. Hao ni watoto wetu, wale ambao malaria imewanyonya damu hata viganja vikawa vyeupe. Wako na wagonjwa wa selimundu, ambao baadhi yao huhitaji kutiwa mara kwa mara. Wako waliovunjika kwa pikipiki. Na juu ya wote wako wazazi, kwani kutokwa na damu ni miongoni mwa sababu kubwa kabisa za vifo vya mama wajifunguao. Shirika hilo hilo lasema kwamba katika michango milioni 118.5 ikusanywayo duniani kila mwaka, asilimia 40 hukusanywa katika nchi tajiri, ambako wanaishi asilimia 16 tu ya watu wa dunia. Maana yake si kwamba wao wana huruma kupita sisi. Wao wana orodha ya watu na siku zao za kurudi.

Tena haitupasi kwenda mbali kutafuta mfano. Mwaka 1989, wakati ukimwi umeanza kuitia damu khofu kila mahali, nchi ya Zimbabwe iliunda chama cha vijana kilichoitwa Pledge 25 Club. Kijana aliweka ahadi ya kutoa damu mara 25 kabla ya kutimiza miaka 25, na kuishi maisha ya usafi ili damu yake ifae. Angalia hekima iliyomo. Hawakumwomba kijana chupa moja. Walimpa heshima ya kutegemewa kwa miaka. Naye kijana aliyejua kwamba baada ya miezi mitatu damu yake itapimwa tena, alikuwa na sababu moja zaidi ya kujichunga usiku akiwa peke yake na rafiki wabaya. Mpango huo ulienea Afrika Kusini na katika nchi nyingine nyingi.

Sasa niseme na akina mama, kwa kuwa kizuizi kikubwa mara nyingi kimo majumbani. Kijana hurudi na plasta mkononi, na mama hulia: "Mwanangu mwenyewe amekonda, kisha wamnyonye damu!" Bibi, kama amekonda chini ya kilo 50 hawampokei. Kama ana upungufu wa damu wataugundua wao kabla yako. Mpe maji mengi asubuhi ile, mpe chakula, na akirudi mpikie mchicha, maharage na kitu cha ndimu. Asibebe gunia siku hiyo. Hayo tu.

Wako pia wasemao: "Sisi twatoa bure, kisha mgonjwa atozwa." Sikatai kwamba watu wa namna hiyo wapo, hata usiku ule mtu mmoja alimnong'oneza jirani yetu kwamba kwa fedha kidogo mambo hupatikana. Damu haiuzwi, kwa sheria ya dini wala ya nchi. Mwenye kudaiwa na ashitaki kwa mganga mkuu wa hospitali. Lakini dhambi ya mtu wa dirishani haimhusu mtoto aliyelala wodini, basi asinyimwe kwa sababu yake. Ama kutoa bure kumwokoa mtu, wanazuoni wengi wa zama hizi wamekuruhusu maadamu mtoaji hadhuriki. Na khasa wenye kupenda ikhlasi watapenda amali hii, kwani chupa huandikwa nambari, wala mpokeaji hatamjua aliyempa ili amshukuru. Ni bora hata ile picha ya kujionyesha iachwe.

Vipindi viwili vya mwaka huleta shida. Cha kwanza ni likizo. Sehemu kubwa ya damu yetu hutoka kwa wanafunzi wa shule za sekondari na vyuo, na wakifunga shule majokofu nayo huwa matupu. Likizo ndiyo wakati ambao mtaa unao vijana hao wote nyumbani, lakini hapana awaitaye. Cha pili ni mwezi wa Ramadhani, ambapo watoaji hupungua sana. Tukiikumbuka hesabu yetu ya siku 35, dawa yake ni nyepesi: wanaotoa katika siku za mwisho za Shaabani, damu yao huuvuka mwezi mzima wa mfungo hata kufikia Idi. Na pakiwezekana kupatana na wenye kituo, wengine watoe usiku baada ya kufuturu na kunywa vya kutosha. Masuala ya kutoa mchana na saumu masheikh wanayo majibu yao. Atoaye usiku hana haja ya kuyauliza.

Katika mtaa wetu, baada ya usiku ule, wazee walitaka kuunda kamati. Nami nilikuwa miongoni mwao, na nakiri kwamba tulikwisha kuanza kugawana vyeo kabla hajaitwa kijana hata mmoja. Bahati nzuri mwalimu wa madrasa alituzuia. Alisema daftari na likae kwa vijana wenyewe, nasi kazi yetu iwe kutafuta nauli na juisi, na kuwasemea kwa wazazi. Wakajiandikisha 40, wavulana na wasichana. Wakajigawa makundi manne ya watu kumi kumi, kila mwezi kundi moja, ili kila mtu awe na zamu tatu kwa mwaka na hata wasichana wapate miezi yao minne ya kupumzika. Wote wakihudhuria, hizo ni chupa 120 kwa mwaka kutoka katika mtaa mmoja usio na hata barabara ya lami. Wadogo wasiotimia miaka 18 waligombea kazi ya kukumbusha: juma moja kabla ya zamu hupita nyumba kwa nyumba, na hawakubali jibu la nitaona. Yule mama jirani, ambaye ananyonyesha na kwa hiyo hawezi kutoa, ndiye apikaye uji.

Daftari hulishika kijana atengenezaye simu pale njia panda, aliyewahi kutajwa katika mojawapo ya zile barua za mashitaka. Mwezi uliopita niliomba kuliona. Zamu ilikuwa ya watu kumi, na waliotoa ni saba. Mmoja alikuwa na mafua, akahamishiwa kundi linalofuata. Mmoja alikuwa katika mitihani. Wa kumi amehamia Morogoro, nami nikashauri jina lake likatwe. Kijana akakataa, akanionyesha ujumbe katika simu yake: yule wa Morogoro alikuwa amekwenda kutoa huko huko, siku ile ile ya zamu yake, akataka aandikwe kuwa amehudhuria.