Kizuri Chajiuza kwa Lugha Gani?

Majuzi nilibahatika kuzuru mji wa Homa Bay. Mchana ule jua lilikuwa kali mno, nikatafuta kivuli katika jumba dogo la maduka lililoko katikati ya mji. Lina ghorofa mbili, sakafu ya vigae na vioo vinavyong'aa. Ajabu ni kwamba humo ndani mlikuwa kimya. Wauza nguo walikuwa wameketi mbele ya bidhaa zao, na mlinzi alisinzia langoni. Kule nje, hatua chache tu kutoka hapo, wachuuzi wa omena na samaki waliokaushwa hawakuwa na nafasi ya kupumua kwa wingi wa wateja.

Sidai kwamba kimya hicho kilisababishwa na lugha. Bei, kodi na mahali huwa na uzito zaidi. Hata hivyo, mwanaisimu hana likizo. Nilisoma kila bango lililokuwamo, nisione hata moja la Kiswahili wala la Dholuo. Milango, bei zilizopunguzwa, onyo la kutovuta sigara, yote yalikuwa Kiingereza.

Nilimuuliza msichana mmoja muuzaji sababu ya jambo hilo. Akatabasamu. "Mwalimu, tukiandika Kiswahili watu watadhani ni kibanda."

Kisha akanitupia swali. Alikuwa amefaulu vizuri katika Kiswahili, lakini hakujua bango la pale mteja anapovalia nguo kabla ya kuinunua lingeandikwaje. Nami, mwenye shahada ya uzamifu, nilisita kidogo kabla ya kumjibu: "Chumba cha kujaribia nguo." Alilirudia jina hilo polepole, akacheka. "Kumbe ni rahisi hivyo!"

Walimu wenzangu, kicheko hicho kinatuhusu. Tangu mfumo wa 8-4-4 ulipoanzishwa mwaka wa 1985, Kiswahili kimekuwa somo la lazima linalotahiniwa. Tumefundisha ngeli, methali na insha, na wanafunzi wetu wamezoa alama. Lakini mwanafunzi atokapo darasani hukutana na ulimwengu unaomwambia kwamba aliyojifunza ni ya mtihani tu. Bango ni mwalimu asiyelipwa mshahara, nalo hufundisha kila siku. Somo lake ni kwamba Kiingereza ni cha vioo na vigae, na Kiswahili ni cha mabati.

Historia inakanusha somo hilo. Neno "duka" lenyewe lina asili ya Kiarabu, na Wahindi pia wanalo. Reli ilipofika Kisumu mwaka wa 1901, na wafanyabiashara wa Kihindi wakazagaa Nyanza, neno hilo lilienea pamoja na chumvi na vitambaa, likaingia hata katika Dholuo na kuishi kwa amani kando ya "chiro", yaani soko. Na huduma ya fedha iliyoanzishwa nchini mwaka wa 2007, ikavuma duniani kote, iliitwa M-Pesa. Nani alidhani ni kibanda?

Kesho yake nilipitia Rongo hadi Migori. Huko Wajaluo, Wakuria na wageni kutoka pande nyingine huuziana, na barabara hiyo huendelea hadi Isebania, mpakani na Tanzania. Kando ya njia nilisoma "Kinyozi" na "Duka la Jumla", maandishi ya mkono yasiyo na makuu. Muuzaji na mnunuzi wasiochangia lugha ya mama walipatana bei kwa Kiswahili, kila mmoja akaenda zake ameridhika.

Katiba ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha saba, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Kifungu hicho kinaitaka serikali pia iziendeleze lugha za kiasili. Basi sisemi Kiingereza kifutwe. Nasema kisikae peke yake. Serikali za kaunti zinaweza kuanza na majengo yao zenyewe. Wenye maduka watafuata wakiona faida. Nanyi walimu, watumeni wanafunzi mjini na daftari, wanakili mabango kumi, kisha wayaandike upya kwa Kiswahili na kwa lugha ya nyumbani. Watakayoyaandika, wapelekeeni wenye maduka.

Lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Niliporudi chuoni nilisimama mbele ya mlango wa ofisi yangu. Jina langu, cheo changu na saa za kuwaona wanafunzi, yote yalikuwa yameandikwa kwa Kiingereza, na nilikuwa nimepita hapo miaka mingi bila kuona kasoro. Nimekwisha kulibadilisha bango hilo. Mwanafunzi wa kwanza aliyelisoma aliuliza kama nimehamishwa.